Kuandaa Alumini Bila Mtungi Usio na Jina

Anza na mitungi uliyo nayo, si na dawa mpya. Chagua asubuhi ambayo hakuna mteja anayekusukuma, toa nje kila chupa, kila ndoo na kila jerikeni iliyo chini ya meza ya kazi, uzipange kivulini. Zigawe mafungu mawili tu: zile unazojua kilichomo kwa sababu lebo inasema, na zile unazozijua kwa sababu "tumezitumia siku zote". Mwongozo huu, wa kuisafisha na kuiandaa alumini kabla ya rangi kwa sumu chache, nimeuandika kwa ajili ya fungu la pili.

Mimi natengeneza madirisha, milango na reli za ngazi za alumini hapa Kisumu, na nina tanuri dogo la rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa unga kisha ikaivishwa. Katika fungu langu la pili palikuwa na jerikeni nyeupe ya lita tano. Aliyeniuzia aliiita "dawa ya kung'arisha", ile ya kuoshea rimu za magari. Ilifanya kazi vizuri mno: unapaka, povu linapanda, unamwagia maji, profaili, yaani kile kipande kirefu cha alumini cha kutengenezea fremu, inatoka nyeupe kama karatasi. Kijana niliyekuwa naye kazini aliitumia mchana kutwa akiwa na glavu iliyotoboka kwenye ncha ya kidole. Hakuhisi kitu. Saa nne usiku akanipigia simu. "Mkubwa, kidole kinaniuma kama kimebanwa na mlango, na sioni kidonda." Palikuwa na weupe tu chini ya ukucha. Daktari aliyetupokea aliuliza swali moja, nami sikuwa na jibu: ilikuwa asidi gani?

Ilikuwa HF, yaani asidi ya haidrofloriki. Tuliijua kwa jinsi maumivu yalivyotulia alipopewa dawa ya kalsiamu. Asidi hii ikiwa nyepesi haikuonyeshi kidonda upesi. Inapenya ngozi, inaitafuta kalsiamu ya mwili na kuifunga, na maumivu yanaweza kukawia saa nyingi. Ikiwa kali na ikamwagikia sehemu kubwa ya mwili, inavuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Huduma ya kwanza ni maji mengi ya bomba, kisha jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 isuguliwe pale palipoguswa, na safari ya hospitali ianze hapo hapo hata kama hakuna kinachouma. Karakana yenye HF na isiyo na jeli hiyo kwenye sanduku la dawa imecheza kamari. Mimi nilicheza miaka miwili bila kujua.

Basi soma lebo, na majina yakikuzidi, soma namba. Kila kemikali ina namba yake ya utambulisho, ile ile uwe Mumbai au hapa kwetu Mamboleo. 7664-39-3 ni HF. 1341-49-7 ni amonia baifloridi, chumvi ambayo ikiingia majini inatenda kama HF, na ndiyo hupenda kujificha kwenye dawa za rimu. 1333-82-0 ni kromiamu trioksidi, ambayo tutaifikia. Namba hizo ziko kwenye karatasi ya usalama ya kemikali, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawadai wanaotengeneza na kuingiza kemikali karatasi hiyo. Muuzaji akisema hana, usinunue. Hakuna mjadala hapo.

Sumu huitana

Kabla ya kubadilisha lolote, elewa kwa nini mitungi ilijaa. Mama yeyote wa huku magharibi anajua siri yenyewe. Pika mrenda kwa magadi au kwa musherekha, chumvi ile ya majivu, ndani ya sufuria ya alumini, na sufuria inatoka imeiva weusi ndani. Siku ya pili pika nyanya nyingi au chemsha ndimu humo, weusi unaondoka. Mama hakusoma kemia, lakini ameshaiona: magadi huila alumini na kuacha masizi, uchachu huyasafisha.

Karakana hufanya hivyo hivyo kwa nguvu mara mia. Tunaichovya profaili kwenye kostiki, yaani soda ya kostiki, ndugu mkali wa magadi, ili mng'ao ufifie na mikwaruzo ipotee. Kostiki inaacha masizi meusi. Masizi yanadai asidi ya naitriki. Kama ni alumini ya kumwaga, iliyoyeyushwa kutoka pistoni na injini kuukuu, masizi yana silikoni, na naitriki haiiwezi silikoni, kwa hiyo mtu anaongeza HF. Ndivyo jerikeni moja inavyoleta mbili nyingine nyumbani. Ukitaka kupunguza sumu, usianze kwa kuuliza "badala ya naitriki nitumie nini?" Uliza nani aliyeiita. Ukimwondoa kostiki, naitriki anakosa kazi na HF anakosa kisingizio.

Hatua ya kwanza: mafuta yatoke kwa maji ya moto na sabuni

Wengi tunapangusa kwa petroli au thina. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi iliyo chini kabisa ya sifuri, sembuse mchana wa Kisumu wenye nyuzi 30. Tena ina benzeni, ambayo huleta saratani ya damu. Thina nayo ndiyo ile inayokufanya urudi nyumbani na kichwa kizito ukidhani ni jua.

Pasha maji mpaka nyuzi 50 au 60, kiasi cha mkono kutovumilia, utie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Usitie ya unga ya kufulia: nyingi zina magadi ndani, na tumeshasema magadi hufanya nini. Alumini hutulia maji yakiwa na pH, kipimo cha uchachu na umagadi, kati ya 4 na 8.5 hivi. Nje ya hapo utando wake wa asili huanza kuyeyuka. Karatasi za kupimia pH ni rahisi, nunua boksi moja. Loweka dakika kumi, sugua kwa brashi ya plastiki, suuza. Grisi iliyokauka kwenye kona za profaili ifute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, nje penye hewa, ndipo uoshe. Mafuta taa nayo huwaka, ila hayatoi mvuke wa hatari upesi kama petroli.

Kisha pima. Mwagia maji safi, isimamishe profaili, uhesabu mpaka 30. Maji yakibaki kama shuka moja bila kukatika, mafuta yametoka. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la nduma, rudia. Kipimo hiki hakigharimu senti, na kimeniokolea kazi nyingi kuliko mashine yoyote niliyonunua.

Hatua ya pili: fifisha mng'ao kwa mkono, si kwa kostiki

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo mnyororo unapokatika.

Kilo moja ya alumini ikiyeyuka kwenye kostiki hutoa zaidi ya lita 1,200 za gesi ya haidrojeni, ile inayolipuka. Bila shaka hakuna anayeyeyusha kilo nzima kwa siku, lakini vyumba vyetu vya mabati havina madirisha ya maana, na kuna kulehemu mita tatu kutoka hapo. Ongeza ukungu wa kostiki unaopanda na povu na kuingia kooni. Jicho likiguswa na tone lake linaungua kwa kasi ambayo haikupi muda wa kutafuta maji.

Badala yake tumia pedi za nailoni za kusugulia, zile za rangi ya kahawia au kijivu, au msasa wa maji namba 320 ukimalizia na 400. Sugua kufuata urefu wa profaili, mkono mmoja, mwelekeo mmoja, bila kuzungusha. Ukizungusha, jua la jioni likipiga dirisha litaonyesha kila duara. Endelea kumwagia maji yenye tone la sabuni. Profaili ya mita sita inamchukua kijana aliyezoea kama dakika kumi na tano. Kostiki ingechukua dakika tano, ndiyo. Hesabu lakini maji ya kusuuza mara tatu, naitriki, na glavu unazonunua kila wiki.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, usitumie brashi ya chuma wala waya wa chuma. Vipande vyake hubaki vimejikita kwenye alumini, na miezi miwili baadaye dirisha jipya linatoa vidoa vya kutu, mteja anakupigia. Pili, usisugue kwa mashine pakavu. Vumbi laini la alumini hulipuka likipata cheche, na likichanganyika na kutu ya chuma huwaka kwa moto ambao maji hayauzimi. Grainda ya chuma na kazi ya alumini zisikae kona moja. Tatu, kama unapuliza mchanga, usitumie wa mtoni wala wa ziwani. Vumbi la silika huharibu mapafu, na hayarudi. Tumia shanga za kioo au alumini oksidi.

Vipande vidogo, kama mishikio ya sufuria na bawaba, havihitaji mkono. Viweke kwenye pipa linalozunguka pamoja na kokoto za kusagia, maji na sabuni. Kisha vikaushe na kuving'arisha kwenye pipa hilo hilo kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa chengachenga. Viwandani ng'ambo chenga za gunzi huuzwa kwa mifuko kwa kazi hiyo. Sisi tunazichoma jikoni.

Kuhusu alumini ya kumwaga: isugue tu. Usiichovye kwenye kitu chochote kikali, kwa sababu silikoni yake itakurudisha kwa HF.

Hatua ya tatu: masizi kidogo yaliyobaki

Ukifuata hatua ya pili, hapa pana kazi ndogo. Alumini iliyokaa uani na kushika madoa ya kijivu au ya maji ya saruji, iloweke kwenye asidi ya sitriki: gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji vuguvugu, dakika tano hadi kumi, brashi ya plastiki, kisha suuza. Ni ule ule uchachu wa ndimu, unauzwa kwa kilo kwa watengeneza juisi na mikate. Vaa glavu na miwani hata hivyo, maana hauna huruma na jicho. Kanuni moja haibadiliki kwa asidi yoyote: asidi iingie majini, maji yasimwagwe kwenye asidi. Na Jik isikae karibu na beseni hili. Zikikutana hutoa klorini.

Sitakudanganya: sitriki haiondoi weusi mzito wa profaili iliyolala kwenye kostiki usiku kucha. Kwa weusi huo kuna mchanganyiko wa viwandani wa feri salfeti usio na naitriki. Ukiwa unauhitaji kila wiki, tatizo liko hatua ya pili.

Hatua ya nne: utando wa kushikilia rangi

Rangi ya unga haishiki alumini tupu kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa beseni la manjano, lile linaloiacha profaili na rangi ya dhahabu hafifu. Hiyo ni kromiamu ya daraja la sita. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliitaja kuwa chanzo cha saratani ya mapafu kwa binadamu mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu kromiamu trioksidi itumike bila kibali maalumu. Ukinunua profaili yenye dhahabu hiyo, au ukiondoa rangi dirisha kuukuu, usisugue pakavu. Lile vumbi ndilo lenyewe.

Mbadala ninaoutumia ni dawa ya zirkoniamu na titaniamu, isiyo na kromiamu kabisa. Wauzaji wa rangi ya unga wanaweza kukuagizia ukiwataka wakupe "isiyo na kromu" na karatasi yake. Ipo pia ya kromiamu ya daraja la tatu, yenye sumu ndogo sana kuliko ya sita, lakini majitaka yake bado yana kromiamu, ndiyo maana sikuichagua. Kumbuka kwamba dawa ya zirkoniamu kabla hujaizimua ina floridi, hivyo glavu ndefu hazivuliwi wakati wa kupima. Vipimo na dakika fuata karatasi ya muuzaji, usikisie.

Ugumu wake ni huu: utando hauonekani. Beseni la manjano lilikuambia kwa macho kwamba limefanya kazi, hili linanyamaza. Kwa hiyo maji ya mwisho ya kusuuza yawe safi kweli, bila chumvi. Mimi nakinga ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiacha ioshe bati, ya pili ndiyo inaingia tangini. Kipimo cha TDS, yaani cha chumvi zilizoyeyuka majini, kikisoma chini ya 15, yanafaa. Ndugu zangu wa Nakuru wanaotumia visima wawe waangalifu zaidi, maji ya Bonde la Ufa yana floridi na chumvi nyingi, na chumvi chini ya rangi huja juu kama malengelenge. Profaili ikishakauka, ipake rangi ndani ya saa 16 na usiishike kwa mkono mtupu.

Halafu jaribu kwenye kipande kabla ya kazi nzima. Kipake rangi, kiive kwenye tanuri, kipoe, kikate kwa wembe mistari sita hivi na sita mingine ya kuikata, nafasi ya milimita mbili kwa rangi ya unene wa mikroni 60 hadi 120 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Bandika selotepu ngumu, ivute mara moja. Vyumba vyote vya rangi kati ya mistari vibaki. Kisha chemsha kipande kingine kwa saa mbili kwenye sufuria, urudie. Wiki ya kwanza vyangu vilibanduka vyote kama maganda ya kitunguu, nikaitukana dawa. Kosa lilikuwa sabuni niliyoisuuza haraka.

Hatua ya tano, kwa wanaofanya anodaizi

Anodaizi ni kuukuza kwa umeme utando wa alumini ndani ya asidi. Wanaoifanya ni wachache huku, kwa hiyo nitapita upesi. Anodaizi ya asidi ya kromiki haina sababu yoyote kwenye madirisha. Asidi ya salfuriki inatosha, na hata Airbus wanatumia salfuriki pamoja na asidi ya tartariki, uchachu wa ukwaju na zabibu. Salfuriki bado ni asidi, inataka feni na miwani, lakini haina kromiamu ya beseni la manjano.

Penye uamuzi ni kuziba vinyweleo, yale matundu madogo ya utando huo. Wengi huziba kwa nikeli, ambayo huwasha ngozi na kubaki majini. Maji matupu yanayochemka yanaweza kuziba, dakika tatu kwa kila mikroni: utando wa mikroni kumi, nusu saa. Vipimo vya viwandani hutaka nyuzi 96 au zaidi. Sasa angalia ulipo. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96, tumepona kwa nywele moja. Nakuru iko kama mita 1,850, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na hayapandi zaidi hata uweke kuni za msitu mzima. Fundi wa Nakuru atumie mvuke kwenye chombo kilichotengenezewa shinikizo. Au aongeze muda, afunike tangi, kisha apime: tone la wino juu ya kipande, dakika tano, futa kwa kitambaa chenye sabuni. Doa likibaki, vinyweleo viko wazi.

Unapomwaga

Mitaro yetu ya Kisumu inaishia ziwani, mingine kupitia mto Kisat, na samaki wa jioni anatoka huko huko. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka pH ya majitaka kati ya 6.5 na 8.5, na kromiamu ya daraja la sita isizidi miligramu 0.05 kwa lita, kiasi ambacho jicho halikioni. Beseni la sitriki lililochoka litulize kwa chokaa mpaka karatasi ya pH ionyeshe 7, mashapo yatulie, kisha uulize kampuni ya maji kama mfereji wao unayapokea. Beseni la zirkoniamu lina floridi, kwa hiyo fuata karatasi yake. Jerikeni za HF na za manjano usizijaribu mwenyewe. Ziandike, zifunge, ziweke peke yake kwenye beseni la plastiki, na utafute mbebaji taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Zangu zilikaa miezi mitatu kabla ya gari kuja, na nilizitazama kila asubuhi kama mgeni aliyekataa kuondoka.

Ndoo ya tope la msasa ndiyo wengi huisahau. Unga laini wa alumini uliolowa huendelea kutoa haidrojeni polepole, na ndoo iliyofungwa kabisa huvimba, siku moja kifuniko kinaruka. Changu nimekitoboa matundu matatu kwa msumari, ndoo iko nje chini ya paa, na juu yake nimeandika kwa rangi nyekundu: USIZIBE.